Mgomba wa Nyuma ya Jiko

Mama yangu hajawahi kusoma riwaya. Biblia anaijua, na kitabu cha nyimbo za kanisani anakijua kiasi kwamba siku hizi, macho yakiwa yamechoka, hukishika kichwa chini miguu juu na bado anaimba beti zote bila kukosea. Kwa hiyo kaka aliponipigia simu kuniambia kwamba mama anataka kusomewa kitabu changu, chote, tangu mwanzo hadi mwisho, nilidhani ananitania. Lakini kaka hana utani. Alisema wanawake wa usharika wamemwambia mama kuwa binti yake ameandika habari za kwao na kuziuza mjini, na mama amejibu kwamba yeye hawezi kuambiwa habari za nyumba yake na watu wa pembeni. Njoo nacho Jumapili, kaka akasema, akakata simu bila kuaga kama kawaida yake.

Niliogopa. Nasema mapema ili mtu asinione shujaa huko mbele.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa sekondari. Nimepanga vyumba viwili Ibighi, hapa mjini Tukuyu, na kwetu ni Kyimo, mwendo mfupi tu wa bodaboda. Atakayeniuliza kwa nini ninapanga wakati kwetu ni karibu hivyo, jibu ni refu, na nililiandikia kitabu kizima. Niliolewa Mbeya. Ndoa haikupata mtoto, mume akapata mke mwingine, nami nikafunga mizigo nikarudi nyumbani. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi sikupewa jembe. Nilipewa kiti kizuri, chai ya maziwa, na kila aliyepita aliniuliza kwa adabu kubwa kama nitakaa sana. Mtu mzima haambiwi mara mbili, nikaenda kutafuta chumba.

Kisha baba akafariki. Kwetu mtu hazikwi mbali. Anazikwa hapo hapo nyumbani, migombani, hatua chache kutoka mahali alipokuwa akianikia kahawa yake, na watoto wanakua wakicheza juu ya sementi ya babu yao bila woga wowote. Matanga yalipoisha, ndugu tukabaki kuzungumza mambo ya boma, na kaka akasimama kuonyesha mipaka. Hapa amelala baba, akasema, ubavuni hapa ni pa mama Mungu akipenda, kule mimi na mke wangu, na kule mwisho watoto wetu. Nikauliza, kwa sauti ya utani, na mimi je? Watu wakacheka. Kaka hakucheka. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo jibu lake liko wazi, akasema, "Wewe unapo kwa mumeo."

Mume gani? Yule ambaye wakati huo mke wake alikuwa ananyonyesha mtoto wa tatu? Niliosha vikombe vya chai, vyote, hata vile vilivyokuwa vimeoshwa, nikarudi Ibighi, na tangu siku hiyo nilikuwa na swali moja tu maishani: nikifa, watanipeleka wapi? Mtu anaweza kupanga nyumba. Kaburi halipangwi.

Basi nikaandika. Mwanamke wa kwenye kitabu changu si mimi. Nilimpa unene ambao sina, nikampa sauti ya kuimba ambayo pia sina, nikamwozesha mbali zaidi nilikoolewa mimi. Anaachika, anarudi, anafia kwa watu, na kaka zake wanabishana juu ya maiti yake kutwa nzima mvua ikinyesha. Mwishowe wanamzika nje ya migomba, kwenye ukingo wa barabara, mahali wapita njia wanapoegemeza baiskeli. Watu wa Dar es Salaam walikisifu sana kitabu. Walisema kinahusu familia, msiba na mtu kutafuta alikotoka. Mimi nilijua kinahusu sentensi moja ya kaka yangu.

Mama mwenye nyumba wangu, Mwislamu, muuza vitenge sokoni, ndiye aliyekuwa wa kwanza kukisoma pale Ibighi. Alikimaliza, akaja akaketi kwenye ngazi zangu. Aliniambia kuwa yeye na mimi hatuna hata babu mmoja kwa pamoja, lakini mwanamke yule angefia kwake angepewa nafasi. Nilipomweleza habari ya simu ya kaka, hakunionea huruma. Alisema niende nikamsomee mama mwenyewe, kwa sababu akisomewa na mwingine atasikia mabaya peke yake.

Nikaenda. Jumapili ile ya kwanza ukungu ulikuwa umeshuka hadi barabarani na mama alikuwa jikoni, katika kile kijumba cha nje chenye moshi wa kuni, amevaa sweta juu ya sweta, anamenya ndizi za mbalaga kwa ajili ya chakula cha mchana. Mama hakai bure. Aliniambia nivute kigoda, nisome, na nisome kwa Kinyakyusa, maana Kiswahili cha vitabuni kinamchosha. Kwa hiyo nilikuwa nashika ukurasa wa Kiswahili na kutoa maneno ya Kinyakyusa, kazi ambayo hakuna chuo kilichonifundisha. Na haya maneno yake ninayoyaweka hapa nimeyatoa huko huko kwenye Kinyakyusa, kwa hiyo yamepungua utamu kidogo, mnisamehe.

Jamani, sijawahi kupata mhakiki wa namna ile. Nilisoma kwamba waombolezaji walilia kwa sauti ya chini, mama akasimamisha kisu. Akauliza ni msiba wa nani huo watu wanalia kwa sauti ya chini. Nikasema ni wa baba wa yule mwanamke. Akasema kwao hao lazima walikuwa wanamchukia, kwa sababu kwetu mtu akifa, kijiji cha pili kinajua kabla simu haijapigwa. Nilisoma kwamba mwanamke alipika ndizi peke yake kwa ajili ya wageni wote, mama akacheka mpaka akakohoa. Peke yake? Majirani walikuwa wapi, wamekufa nao? Nikajaribu kumweleza kwamba hao ni watu wa kubuni, hawapo. Akatia ndizi kwenye maji, akasema, "Mtu anayekula ndizi zangu yupo."

Tukaendelea hivyo Jumapili hadi Jumapili, baada ya ibada. Kaka naye, ambaye siku za kawaida Jumapili hulala, ghafla akawa na kazi ya kunoa panga kwenye jiwe lililo karibu na mlango wa jiko. Panga lile lilinolewa hata nikadhani atanyolea ndevu. Hakuingia, hakuuliza, lakini nilipofika mahali pa kuchekesha jiwe lilinyamaza, na nilipopita likaanza tena.

Kaka ana maparachichi. Siku hizi Rungwe nzima ni maparachichi, na simlaumu, mzigo mmoja wa maparachichi humsomeshea watoto kuliko migomba ya mwaka mzima. Alishang'oa migomba mingi upande wa bondeni. Uliobaki ukimkera ni mmoja, ule wa nyuma ya jiko. Kila nilipokuwa naondoka alinisindikiza hadi barabarani akiulalamikia. Unatoa mkungu mwembamba, machipukizi yake yanasongamana, unaziba jua, na pale pangekaa miche yake vizuri sana. Lakini mama hataki. Amemwomba mara ngapi, na kila mara mama anasema uache, bila sababu. Mama amekuwa mtoto, kaka akasema kwa huzuni. Nikamjibu kwamba mama tangu zamani hatoi sababu, si kwa uzee. Hilo tulikubaliana, na tulikuwa na machache ya kukubaliana.

Kadiri sura zilivyopungua ndivyo usingizi wangu ulivyopungua. Mwanzoni niliogopa kaka atakasirika. Baadaye nikagundua kwamba kaka si kitu. Nilichoogopa ni kwamba nitasoma lile kaburi la barabarani, na mama atatikisa kichwa tu, aseme ndiyo, ndivyo ilivyo, mwanamke aliyeachika huwekwa hapo. Kaka kunikataa nilikuwa nimeshameza. Mama akikubaliana naye ningekuwa sina tena mahali pa kuendea duniani. Nilikuwa na zaidi ya miaka sitini, nina nywele nyeupe, na nilikuwa naogopa neno moja la mama yangu kama mtoto wa darasa la kwanza.

Kwa hiyo Jumapili ya sura ya mwisho nilikuwa nimeshaamua. Si natafsiri? Nani atajua? Nilifungua kitabu, nikamleta yule mwanamke nyumbani katika jeneza lake, nikawakutanisha kaka zake, na mahali wanapoanza kubishana nikawapatanisha. Nikawapa machozi na busara. Nikamchimbia kaburi zuri katikati ya migomba, ubavuni kwa baba yake, nikaimbisha kwaya, mvua nikaikatisha, nikafunga kitabu. Nilikuwa nimetunga vizuri, na kwa Kinyakyusa kizuri pia.

Mama alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Aliendelea kuchambua kwa kitambo. Kisha akasema, "Mwanangu, karatasi hukuigeuza."

Akasema kwamba tangu nilipolileta jeneza hadi kwaya ilipoimba sikugeuza karatasi hata moja, na kwa macho yake mabovu hayo hayo anaona zimebaki nyingi huko mbele. Hakuwa na hasira. Alisema amefurahi kumwona mwanamke yule akipokelewa, lakini hayo ni ya kwangu ya leo, na yeye anataka yale niliyowauzia watu.

Nikasoma. Nilisoma yote, mabishano yote, polepole, bila kuruka. Nilipofika pale kaka mkubwa wa kitabuni anapofunga mjadala kwa kusema wewe unapo kwa mumeo, akiiambia maiti, jiwe la kunolea lilinyamaza na halikuanza tena. Nikaendelea hadi barabarani, hadi kaburi, hadi mtu wa kwanza kuegemeza baiskeli yake. Nikageuza ukurasa wa mwisho ili mama aone umegeuzwa.

Kaka alikuwa amesimama mlangoni na panga mkononi, amejaa mlango wote. Mtu asiyemjua angekimbia. Alisema, "Maneno hayo ni yangu." Hakusema kwa ukali. Aliyasema kama mtu aliyeona koti lake limevaliwa na mwingine na sasa anaona lilivyochakaa.

Mama aliweka ungo chini, akaomba fimbo yake, akatoka, na sisi tukamfuata nyuma kama vifaranga, wazee wawili. Alizunguka jiko. Manyunyu yalikuwa yameanza. Akasimama mbele ya ule mgomba mwembamba, akaugonga shina kwa fimbo, akanielekea mimi.

"Kondo lako liko hapa," akasema. "Kondo ulilotoka nalo tumboni mwangu. Bibi yenu ndiye aliyelizika. Mimi nilikuwa ndani, nimekulaza kifuani, nalisikia jembe lake."

Nilijua kwamba kwetu hufanywa hivyo. Nilikuwa nimelisikia jambo hilo kama linavyosikiwa jambo la watu wengine. Nimefundisha, nimeandika vitabu, nimewaeleza wageni mila za Rungwe mpaka wakachoka, na sikuwahi kujiuliza la kwangu liko wapi. Nadhani uso wangu ulisema hivyo, kwa sababu mama aliendelea. Alisema mgomba uliopandwa siku ile ulishakufa zamani, ukaacha mtoto, naye akaacha mtoto, lakini shina ni lile lile na hajaruhusu liguswe. Alisema mwanamke huonyeshwa mahali pake na mama yake siku anapojifungua mtoto wake wa kwanza, ndiyo desturi. Alikuwa anangoja siku yangu. Aliingoja miaka mingi, hata nilipokuwa Mbeya alikuwa anaupalilia akiingoja. Siku haikuja, na akaona akinionyesha atakuwa ananichokonoa kidonda, basi akakaa kimya. Alidhani kukaa kimya ni kunipenda.

Nililia. Nasema wazi kwamba sikulia kwa sauti ya chini. Nilimlilia mtoto ambaye sikumpata, na baba, na yule mwanamke mnene wa kitabuni niliyemwacha barabarani, na zaidi nililia kwa sababu miaka yote hiyo nilipokuwa najiona sina mahali, mama yangu alikuwa anang'oa magugu mahali pangu. Mke wa kaka alitoka ndani mbio akidhani kuna msiba.

Kaka aliuliza la kwake liko wapi. Aliuliza taratibu, akitazama chini. Mama akamwonyesha kwa fimbo upande wa bondeni. "Uling'oa mwenyewe," akasema, "ulipopanda yale maparachichi yako ya kwanza. Nilikwambia uache, ukasema mama ana mambo ya kale." Kaka akatazama bondeni, kwenye mistari yake mizuri ya miche, na sijawahi kumwona mtu akitazama mali yake vile. Mama akamgusa mkono. Alimwambia asihofu, yeye ni mwanamume na watoto wake wako hapa, hakuna atakayemuuliza ni wa wapi. Anayeulizwa ni dada yake. Ndiyo maana huu mmoja aliushikilia.

Kisha akatutazama wote wawili, mvua ikimlowesha kitambaa cha kichwani, akasema ile sentensi ambayo nimeshindwa kuitafsiri sawasawa ingawa nimejaribu sana. Alimwambia kaka, "Nusu ya huyu ilishazikwa hapa siku aliyozaliwa. Nusu iliyobaki, nani atanikataza?"

Mama akaanza kurudi jikoni maana maharage yalikuwa hayajabandikwa, na alipofika kwenye pembe ya ukuta akakumbuka jambo, akageuka. Aliniambia nikamrekebishe mwanamke yule wa kitabuni, nimtoe barabarani. Nikasema mama, kitabu kimeshachapwa, kiko madukani, hakirekebishwi. Akafikiri. Akasema basi hapo nimefanya vibaya, maana mtu wa watu ananyeshewa, akaingia ndani.

Tukabaki mimi na kaka na manyunyu. Nilijua ana maneno na nilijua hayatatoka, kwa sababu namjua tangu tulipolala kitanda kimoja. Aliweka panga lake chini ya mgomba. Akaenda kwenye kibanda cha zana, nikamsikia anapekua huko ndani, akarudi na jembe, lile la baba, lenye mpini uliolainika. Akalifuta tope kwa kiganja.

"Shika," akasema. "Palilia kwako."

Nikavua viatu vyangu vya kanisani, nikalipokea.